Lumbesa Juu ya Mfupa

Kitandililo, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Skola,

Sikuulizi hali, kwa sababu hali yako naijua kuliko unavyopenda. Wala sikuambii mimi ni mzima. Nina hasira, na kwa umri wangu hasira ni aina ya uzima.

Umekwenda Mahongole kumuaga shangazi yako. Kwa jinsi unavyopenda kuagwa hutarudi kabla ya jua kuzama, basi nina nafasi. Kesho asubuhi utapanda basi pale stendi ya Makambako uende kwenye kambi yako ya riadha huko kaskazini, na mimi na wewe tuna wiki tatu hatujazungumza kama watu. Tunatangaziana. "Chakula kipo." "Maji yamechemka." "Natoka." Hata spika ya stendi ina upendo kutuzidi, maana yenyewe angalau humwita mtu "mpendwa abiria".

Sitakuandikia namna ya kufua soksi wala saa ya kulala. Kama hukuyashika hayo kwa miaka kumi na tisa, hayatakuingia kwa karatasi hizi. Nataka kukuandikia habari za mguu wako wa kushoto.

Usiikunje barua. Kasirika huku ukisoma, mbona mimi naandika hivyohivyo.

Nimeuona huo mguu. Hukuniambia, lakini mvua ya mwezi uliopita ilikuwa upande wangu. Njia ya kutoka kisimani hadi barabara kubwa ilikuwa tope laini, na wewe ulikuwa umepita alfajiri kabla ya watu, kwa hiyo nyayo zilikuwa zako na za kuku wa Mama Editha tu. Kulia umekanyaga kama mwenye shamba. Kushoto umegusagusa kama mtu aliyechelewa misa na kanisa zima limenyamaza. Nikazifuata hadi kwenye mkaratusi ule wa kwenye kona, nikakuta kiganja cha tope kwenye gome. Bingwa wetu, aliyeniambia amekwenda "kunyoosha miguu kidogo", alikuwa ameegemea mti anasubiri maumivu yapite.

Baada ya hapo nikafungua macho, na mimi nikifungua macho unanijua. Siku hizi unakaa chini kuvaa viatu, wewe uliyekuwa ukivaa umesimama huku unabishana. Chumba chako kinanuka dawa ya kuchua kama basi la timu iliyofungwa. Na tukila, mkono wako mmoja unashuka chini ya meza, kidole kinakwenda mahali pamoja kwenye muundi na kinabonyeza, kisha uso unatulia kwa nguvu. Kidole kimoja, Skola. Si kiganja. Tofauti hiyo unaijua kama ninavyoijua mimi, maana siku tulipofundishwa tulikuwa wote.

Ndipo nikakuuliza, pale jikoni.

"Mguu gani huo?"

"Mguu upi, mama?"

"Unaouficha nyuma ya mwenzake."

"Siufichi. Nimekaa tu."

"Haya simama, uruke kwa huo mmoja. Mara kumi."

"Mimi si mbuzi wa mnadani uniangalie kwato."

"Mbuzi angeruka."

Hapo ukasema lile neno. Ukasema, tena kwa sauti ya chini, na sauti yako ya chini ndiyo mbaya: "Ulinivunja kwa mdomo wako. Sasa unataka kunifungia ndani kwa mdomo huohuo."

Nikakurushia mwiko. Nikakukosa, ukatua kwenye sufuria ya maharage, na usiku ule wote wawili tulikula maharage yale bila kusema kitu, kila mtu akijifanya hajui kwa nini yana masizi. Tangu siku hiyo ndiyo tunatangaziana.

Nimelifikiria neno lako wiki tatu. Nimelitafutia kosa, maana ningelipata ningelala vizuri. Sikulipata. Basi nitakueleza jinsi nilivyokuvunja, kwa mpangilio, kwa sababu sehemu kubwa ulikuwa mtoto, na sehemu nyingine nilikuficha.

Nilikuwa na miaka kama yako nilipoanza kubeba mbao kule Njombe, kwenye mashamba ya miti. Wanaume wanapasua huko bondeni, sisi wanawake tunazibeba kichwani hadi kwenye lori. Mbao mbichi ni mzigo wenye chuki. Wiki ya kwanza shingo iligoma kugeuka. Mtu akiniita nilizunguka mwili mzima kama mlango. Wiki ya tatu nilikuwa napanda na mbao kichwani huku nasengenya. Na sikuwa nimeongezeka nyama hata kidogo! Mbao zilezile, mimi mwembamba vilevile, ila mwili ulikuwa umejifunza kujipanga chini ya mzigo: nani ashike, nani alegee, pumzi itoke lini. Nikaona nimegundua siri ya dunia. Mwili unazoea chochote. Nikaligeuzageuza na lile neno lenyewe kama hindi la kuchoma: mazoezi, mazoea, kuzoea. Ukoo mmoja. Nikasema, kumbe wahenga walishamaliza kazi, mazoezi ni kuulazimisha mwili uzoee.

Kitu kimoja sikukiangalia. Tulianza wanawake saba, masika yakiisha tulikuwa watatu. Mmoja wa walioacha, Enelika, mgongo ulimkataa kabisa, akawa anatembea ameinama kama anatafuta sindano. Mimi nilisema ni mvivu. Wale wanne hatukuwazungumzia tena. Nilijifunza habari za mwili kwa kuwatazama waliobaki tu, kama mtu anayesifu daraja kwa kuwauliza waliovuka.

Elimu hiyo ndiyo niliyokulea nayo.

Ulipofika miaka kumi na mitatu, mwalimu wako wa michezo akaja kuniambia una mbio. Nilifurahi hadi nikawa hatari. Unalijua gunia la lumbesa, umelishona mwenyewe: gunia la viazi limejaa hadi mdomoni, halafu mtu anasuka kamba juu ya mdomo, anaongeza kichwa kingine cha viazi, gunia linakuwa na shingo na kilemba. Linakatazwa, maana mnunuzi hulilipia kama gunia moja, na sisi wakulima tunalilalamikia kila msimu. Na mimi niliyekuwa nalalamika kuliko wote nilikufunga wewe lumbesa. Ukienda mjini na kurudi bila kuhema, nasema rudia. Ukizoea kilima kimoja kwa bibi yako Njombe, na baridi ile ya mwezi wa saba inayouma masikio, naongeza cha pili. Kila ulichoweza nilikiona ni sakafu, sikukiona kuwa ni dari.

Mama Editha aliniambia, akiwa ameegemea ua na mikono yake ya umbea: "Mama Skola, hata Mungu alipumzika siku ya saba."

Nikamjibu: "Mungu hakuwa na mashindano ya kanda."

Watu walicheka sana. Nilijiona mwerevu kwa mwezi mzima. Wewe hukucheka, ulikuwa umeinama unafunga kamba za viatu.

Halafu chakula. Niliwaona wakimbiaji kwenye televisheni ya hoteli moja hapo mjini, wote wamekonda, nikafikiri wanakimbia kwa sababu wamekonda. Chakula chako cha jioni kikawa uji. Ukiomba kiazi nakwambia mkimbiaji mzito ni mzigo kwa miguu yake. Kwa hiyo hata lumbesa sikuifunga vizuri, maana mwenye lumbesa hujaza gunia kwanza. Mimi nilifunga kilemba juu ya gunia tupu.

Kisha siku zako zikakatika. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne. Na mimi, mama mwenye akili zake, nikafikiri jambo moja tu, lile ambalo kila mama wa hapa hulifikiri. Nikakupeleka kupimwa mimba. Nikasimama mlangoni kama askari jela wakati unajaza kikopo. Ulikuwa na miaka kumi na sita na hujawahi hata kumjibu mvulana salamu vizuri. Muuguzi akatoka, akasema: "Hana mimba, mama. Ila mbona amekonda hivi?"

Nilisikia sentensi ya kwanza. Ya pili niliiacha palepale dirishani.

Njiani nikakununulia soda kwa furaha. Hukuinywa. Uliimwaga kwenye majani polepole, hadi tone la mwisho, huku unaniangalia. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana kiburi. Sikujua kwamba mwili wako ulikuwa umefanya hesabu ambayo mimi sikuifanya: chakula hakitoshi, basi tufunge kwanza vyumba visivyohitajika leo. Kimojawapo ni hicho. Na kikifungwa, mifupa nayo inakosa kitu kinachoilinda. Nilikuwa nimeshika ushahidi mkononi, kwenye kikopo, nikashukuru Mungu na kuutupa.

Wiki moja kabla ya mashindano ukaniambia muundi unauma. Nilikuuliza wapi, ukanionyesha kwa kidole. Nikakukanda kwa kitambaa cha maji ya moto na chumvi. Nikasema neno moja: "Zoea."

Ya siku yenyewe unayajua, lakini huyajui kwa upande wangu. Nilikuwa kwenye kamba ya watazamaji. Mzunguko wa mwisho niliona mguu wako wa kushoto unaingia ndani. Niliona, Skola. Kwa miaka mitatu nimewaambia watu sikuona. Niliona na bado nilipiga kelele "Maliza! Maliza!" hadi sauti ikakatika. Ukaanguka zimebaki hatua chache, ukamaliza kwa magoti, na watu wakapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa mmoja wa waliopiga.

Hospitalini wakauliza: "Ilikuwaje?"

Nikasema: "Alianguka mtaroni."

Ukaniangalia. Kisha ukasema: "Ndiyo. Mtaroni."

Hivyo ndivyo nilivyokufundisha. Si mbio, mbio ulizaliwa nazo. Nilikufundisha kwamba mfupa ukiuma unatafutiwa hadithi. Sasa unanidanganya habari za mguu na mimi nakasirika kama mwenye haki, wakati uongo huo ni mbegu ya shamba langu.

Na ule mtaro ulivyokua! Majirani walikuja na pole ya mtaro. Mama Editha akataka kujua ni mtaro upi, ili watoto waonywe. Ikabidi nichague mmoja. Nikamwonyesha ule wa karibu na mashine ya kusaga. Hadi leo watoto wa mtaa huu wanakatazwa kuuruka. Mtaro wa watu, haujamdhuru hata mbuzi, unabeba dhambi yangu kila mvua.

Sasa yule dada mfupi wa mazoezi ya viungo, kule Njombe, mwenye sauti ya mnadi. Unakumbuka alivyokuwa anakutania. Mimi hakunitania.

"Mama, mtoto alikuwa anakimbia siku ngapi kwa wiki?"

"Saba."

"Wiki ingekuwa na siku nane?"

"Angekimbia nane," nikamjibu, nikidhani ananisifu.

Akachukua fimbo yake, akagonga bandeji ngumu ya mguu wako, kisha akaniuliza kama nimewahi kukarabati nyumba ya tofali mbichi. Nikasema nimewahi. Akasema mfupa nao unakarabatiwa hivyohivyo. Ukiupa kazi mpya, mwili hutuma mafundi wawili. Wa kwanza anabomoa palipochoka. Wa pili anajenga upya, na pale atakapojenga patakuwa imara kuliko mwanzo. Shida ni kwamba fundi wa kubomoa anakaa jirani, anafika leo. Wa kujenga anatoka mbali, na anataka chakula na usingizi kabla hajashika mwiko. Katikati hapo ukuta una matundu. "Wewe," akasema, "ulikuwa unapandisha watu juu ya paa kila siku wakati ukuta una matundu."

Nilimchukia wiki mbili. Kisha nikaanza kumwuliza maswali, maana mtu akikushinda njia pekee ya kulipiza ni kuiba anachokijua.

Nilimwibia mengi. Kwamba moyo na mapafu vinajifunza upesi. Ndani ya wiki chache damu inatosha, pumzi inatosha, msichana anajisikia anaweza kukimbia hadi Songea. Msuli unafuata. Kano na mifupa vinakuja nyuma kwa miezi, vinaburuta miguu kama wazee wanaokwenda kusuluhisha kesi. Kwa hiyo hatari yenyewe haiji siku ukiwa dhaifu. Inakuja ukiwa na nguvu, pumzi tele, furaha imejaa, na mfupa bado haujapata habari. Kwamba nguvu haziingii mwilini unapokimbia. Unapokimbia unaharibu tu. Zinaingia baadaye, umelala, umeshiba. Mimi kulala kwako nilikuita uvivu, kumbe ndiko kulikokuwa na mazoezi. Na hilo la kidole: msuli ukiuma, mtu hupapasa kwa kiganja, na mara nyingi ukishapata joto unaachia. Mfupa ukiuma, mtu anaweka kidole kimoja mahali pamoja, na kadiri anavyokimbia unazidi.

Walipokata bandeji, mguu ulitoka mwembamba kama mpini wa jembe. Ulilia. Mimi nilishangaa tu jinsi mwili ulivyo mchoyo: wiki kadhaa hujautumia msuli, umeshauvunja na kuupeleka pengine. Haukuwekei kitu stoo kwa ajili ya kumbukumbu. Ila nilifurahi pia, maana kama ulikuwa mwepesi hivyo kunyang'anya, labda ungekuwa mwepesi kurudisha.

Nikachukua kitabu chako cha biolojia. Nilikisoma kwa kuruka maneno marefu, kama ninavyoruka majina ya Agano la Kale. Alfajiri nilikuwa nakuja kukushika kifundo cha mkono ukiwa umelala, nahesabu mapigo kwa saa ya ukutani. Uliwahi kuamka nusu, ukafikiri nakuombea, nikakuacha ufikiri hivyo. Siku ambazo moyo ulipiga haraka kuliko kawaida yake, nilijua mwili bado unahangaika na kazi ya jana, nikakutuma kuchambua maharage. Ulidhani nina kichaa cha maharage.

Tukaenda polepole miaka miwili. Kutembea, kisha kukimbia siku moja na kulala siku moja. Viazi, dagaa, mayai, maziwa. Siku zako ziliporudi nilichinja kuku bila kusema ni wa nini, ukauliza kuna mgeni, nikasema ndiyo. Na kwa siku tano za wiki ukakimbia upesi kuliko ulivyokimbia kwa siku saba. Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea. Kila Jumamosi nilikuwa naona ushahidi wa ujinga wangu unanipita kwa kasi, umevaa kaptura nyekundu.

Katika miaka hiyo yote sikukuomba radhi hata mara moja. Nilikupikia radhi, nilikuchinjia radhi, lakini kuitamka sikuitamka. Ningeitamka ningelazimika kwanza kwenda kwa Mama Editha na kumwambia hakuna mtaro.

Kisha akaja kocha wako.

Alisimama pale uwanjani Makambako na filimbi yake, amewachagua wawili, na wewe mmoja wao. Akasema mbele ya wazazi: "Kwangu hakuna Jumapili. Mwili ni mazoea!" Nilihisi kama mtu aliyekutana na gauni lake la zamani sokoni limevaliwa na mwingine, tena limemkaa. Nikamchukia papo hapo, kwa urahisi ule wa kumchukia mtu unayemfahamu. Na wewe ulitabasamu. Baada ya miaka miwili ya mama na maharage yake, umepata mtu wa kukwambia unaweza zaidi. Tangu siku ile ukaanza kutoka alfajiri kwa siri, kujifungia kichwa cha lumbesa mwenyewe. Sikukuzuia. Nilikuwa naogopa utasema lile neno, na mwishowe ulilisema.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Liko hapa na si mwanzoni kwa sababu nakujua. Ungelisoma mwanzoni, mengine yote yangeishia jikoni kwenye moto.

Jana nilimpigia simu kocha wako.

"Nani mwenzangu?"

"Mama Skola. Makambako."

"Aaa, mama bingwa! Tunamsubiri!"

"Bingwa wako anaumwa mguu."

Nikasikia filimbi za watu wengine huko nyuma. Kisha akasema: "Mama, mbona unanileta mnadani halafu ng'ombe wako mwenyewe unamfunua kidonda?"

"Kwa sababu ng'ombe ni wangu, na kidonda nilikianza mimi."

"Kwani si ule mguu aliovunjika zamani? Fomu inasema alianguka mtaroni."

"Hakuna mtaro," nikamwambia. "Mtaro ni mimi."

Nikamweleza yote. Siku saba, uji, kikopo, kitambaa cha chumvi, "Maliza! Maliza!" Nilikuwa nimesimama nje ya duka la vifaa vya ujenzi, muuza misumari ameacha kuhesabu misumari ananisikiliza. Kocha hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, si kwa ukali: "Umenibana, mama. Sasa siwezi kujifanya sijui. Akifika, kabla ya kiatu, anapigwa picha. Ikionyesha ufa, anarudi nyumbani, na nafasi namwita mwingine. Orodha yangu ni ndefu."

Nikasema: "Mwite."

Basi ndivyo. Nimekusaliti kwa simu yangu mwenyewe, na huenda nimekukosesha kitu ulichokitaka kuliko chochote. Ungependa niseme nilisitasita. Sikusitasita.

Lakini kuna kitu kingine, na hiki nakuachia wewe. Yule dada wa Njombe aliniambia ufa mchanga unaweza usionekane kwenye picha. Mfupa unauma wiki nzima, na picha inatoka safi kama ya mtoto. Kwa hiyo huenda keshokutwa watakurudishia picha nzuri, na kocha atakuuliza kwa mdomo: "Bado panauma?" Hapo mimi nitakuwa shambani napalilia. Sitakuwa kwenye kamba, wala sitakuwa na simu. Utamjibu unavyotaka. Ukimwambia kweli, atakulaza wiki kadhaa na utaniona mchawi. Ukimwambia hapaumi, utakimbia vizuri sana kwa siku chache, maana moyo wako uko tayari na mapafu yako yako tayari, kisha utajua mwenyewe.

Ukirudishwa, kitanda kipo. Sitasema "nilikwambia" zaidi ya mara mbili. Leo jioni, kabla hujarudi, nitapita kwa Mama Editha. Nitamkuta anapepeta, nitamwambia watoto waachwe waruke wanapotaka. Atauliza kwa nini, nitamjibu, na kufikia Jumatatu Kitandililo yote itajua wewe hukuanguka popote. Watakaonisema waache waniseme. Wana haki, na hawana kazi.

Stendi sitakuja. Tukisimama pale tumenuniana watu watadhani tumefiwa, na tukikumbatiana utadhani nimekuruhusu kudanganya.

Kwa kuvunjika kule kwa kwanza nakuomba radhi, Skola. Nakuomba kwa maandishi kwa sababu mdomo wangu umeshakufanyia ya kutosha. Kwa simu ya jana siombi, na ningepiga tena sasa hivi kama ingekuwa na chaji.

Nichukie kadiri utakavyo, lakini nichukie ukitembea.

Mama